Kabla ya kuchapisha bango, muulize mteja wako wa kila siku

Mzazi anayeuza maandazi, sabuni ya maji au nguo za watoto nyumbani anajua uchungu wake: faida ya mwezi ikiishia kwenye bango lisiloleta mteja, ada ya mtoto ndiyo inayoyumba. Kumbe mtangazaji mzuri unaye tayari. Ni yule anayenunua kwako kila wiki bila kuitwa.

Kampuni ya Tupperware ya Marekani ilijifunza hilo zamani. Vyombo vyake vya plastiki vilipoanza kuuzwa madukani mwaka 1946, havikuchangamkiwa. Wanunuzi hawakuelewa jinsi ya kufunga mfuniko wake usiopitisha hewa. Brownie Wise, mama aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake, aliviuza kwa njia nyingine. Mwanamke mmoja aliwaalika majirani sebuleni kwake, wakavishika, wakavifunga na kuvifungua, wakauliza maswali. Mwenyeji alipata zawadi. Mwaka 1951 kampuni iliacha kuuza madukani, ikampa Wise usimamizi wa mauzo ya majumbani.

Wewe huhitaji sherehe. Chagua wateja watatu au wanne wa muda mrefu, uwaulize kwa mazungumzo ya kawaida:

• Ulinifahamu kupitia nani?

• Ukimweleza jirani kuhusu bidhaa yangu, unamwambia nini?

• Ni jambo gani liliwahi kukukera, ukataka usirudi?

Sikiliza maneno yao yenyewe. Huenda wewe unasifia bei, kumbe wao wanasifia kwamba maandazi yanakuwa tayari kabla watoto hawajaondoka kwenda shule. Basi hilo ndilo la kuandika kwenye stetasi yako ya WhatsApp.

Majibu ya swali la tatu yafanyie kazi kwanza. Mdomo unaokusifu leo ndio utakaosimulia kesho kwamba sabuni yako siku hizi ni maji matupu.

Aliyekuletea mteja mpya, mshukuru kwa jina na umwongezee kidogo kwenye mfuko wake. Lakini usimlipe mtu aseme asichokiamini. Majirani zake watagundua, na heshima yake itapotea pamoja na yako.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila hata kizuri hujiuza kwa mdomo wa mtu. Wiki hii, mtafute mtu huyo umuulize.