Mnyororo au hanesi? Kabla umtukane mwenzako, mwangalie mbwa

Kama unafuga mbwa mjini, hili lishakupata. Unatoka naye jioni, mtu anakusimamisha. Haulizi jina la mbwa wala umri wake. Anaangalia shingo. "Kwani unampeleka jela na huo mnyororo?" Ama kama umemvisha hanesi, ile mikanda inayozunguka kifua na mabega, utasikia, "Huyo ni mbwa ama mtoto wa nasari?" Kabla ufike kona, mshagombana.

Mimi nimegombana pande zote mbili. Nilikulia Migori, kwa boma ambapo mbwa ana kazi moja tu, kulinda. Mchana yuko kwa mnyororo, usiku anafunguliwa, na mgeni hupiga hodi akiwa mbali. Hakuna aliyewahi "kumtembeza" mbwa. Nilipoacha chuo nikahamia Homa Bay kutafuta riziki, nilikuja na dume langu lenye kifua kipana, na mnyororo uleule wa nyumbani. Jioni tukawa tunazunguka mitaa ya Makongeni.

Jirani yangu, msee wa rika langu mwenye mbwa mdogo wa pua bapa, alinishukia siku ya kwanza. "Omera, huo mnyororo unamuumiza koo." Nikamwambia aende akalee paka. Akaniita mshamba wa Migori. Wiki mbili hatukusalimiana, na tunachota maji kwa tangi moja.

Ukweli ni kwamba jirani alikuwa na hoja. Mbwa akivuta huku amefungwa shingoni, nguvu yote inaishia kooni, ndiyo maana anakohoa na kukoroma. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walipima presha ndani ya macho ya mbwa. Mbwa walipovutwa kwa kola presha ilipanda. Kwa hanesi haikupanda hivyo. Na kwa mbwa wa pua bapa kama pug, ambaye hata kupumua tu ni kazi, shingo si mahali pa kufungia kamba.

Lakini mimi pia sikuwa mjinga. Hanesi yenye pete mgongoni humpa mbwa mwenye nguvu nafasi ya kuvuta zaidi. Fikiria ng'ombe wa plau: nira haimzuii, inampa mahali pa kusukumia. Tena meno yanakata kamba ya manila, hayakati chuma.

Ukisikiliza vizuri, hatukuwa tunabishana kuhusu kifaa. Yeye alihofia koo la mbwa. Mimi nilihofia miguu ya wapita njia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaogopa nini.

Mwishowe nikanunua hanesi, zaidi kwa aibu kuliko kwa kuelewa. Sikumpima mbwa, nilichukua tu iliyokuwa imening'inia. Siku ya tatu lori likapiga honi, mbwa akarudi nyuma kwa kishindo, kichwa kikachomoka, miguu ikafuata. Nikabaki na mikanda mitupu mkononi. Mbele yetu kulikuwa na msichana wa shule akienda nyumbani. Alikimbia, akaanguka, akachubuka goti. Mbwa alimfikia, akasimama juu yake akibweka. Hakumuuma. Ni bahati tu, bana, si ujuzi wangu.

Mamake alipotoka nilikuwa nimejipanga kueleza habari ya mnyororo na hanesi. Hakuuliza hata moja. Aliuliza neno moja: "Amechanjwa?"

Sikuwa na jibu.

Hilo swali lilinikalia usiku kucha. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Kenya ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kuumaliza ugonjwa huu, na nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Mimi nilikuwa nimepigania chuma na kitambaa wiki mbili nzima, na dume langu halikuwa kwenye hiyo 70.

Asubuhi nilibisha kwa jirani. Nilihitaji mtu wa pili wa kumshika mbwa kwa daktari wa mifugo. Alikuja bila kuuliza maswali, na njiani akanionyesha jinsi ya kukaza hanesi.

Kwa hivyo ukikutana na mbishi, anza na swali: "Unaogopa nini?" Anayeogopa mbwa atoroke anahitaji jibu tofauti na anayeogopa mbwa aumie. Usimwite mtu mshamba mbele ya watu; akiaibika hatabadilisha chochote. Pima badala ya kubishana: vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Vikikataa, umebana. Mkono mzima ukipita, atachomoka. Mbwa mchanga mpime kila wiki, maana shingo inakua na mkanda haukui. Mwenye nguvu mtafutie hanesi yenye pete kifuani, na uiunganishe na kola kwa kamba fupi ili akichomoka ashikwe na ya pili.

Ila kuna mahali maoni yanaishia. Waya shingoni, ama mnyororo uliokwisha kuchimba kidonda, hayo si mambo ya "kila mtu na njia yake". Ni ukatili, na Kenya ina sheria ya kuuzuia, Sura ya 360. Na mtu akiumwa, wacha mjadala: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali mara moja.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani Migori na mbwa wangu. Mzee alicheka. "Umemvisha suti?" Safari hii sikujibu kwa hasira. Nilimuuliza anaogopa nini akimfungua wake mchana. Akaonyesha barabara kuu, malori yakija kutoka Isebania. Sikuwa na la kupinga hapo. Nikamwomba tu aingize vidole viwili chini ya mkanda wa mbwa wake.

Kimoja ndicho kilichoingia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe kutafuta koleo.