Ekzosi ya modeli nyingine: kipimo kwanza, bei baadaye

KIGALI – Pikipiki ya motari inapofika kwenye gereji za Gatsata ikinguruma kuliko kawaida, fundi huwa hana haja ya kuuliza sana. Ekzosi imeliwa na kutu upande wa chini, au imepasuka pale shingo inapoungana na sailensa. Swali linalobaki ni ekzosi ipi ifungwe. Ya modeli ileile huenda haipo dukani siku hiyo, au bei yake ni kubwa kwa mtu anayehesabu mapato yake kwa siku. Ya modeli nyingine ipo, mpya, na bei yake ni nafuu.

Motari ndilo jina la Rwanda la yule ambaye Tanzania, Kenya na Uganda huitwa mwendesha bodaboda. Pikipiki nyingi anazotumia zimetoka India, hasa za TVS na Bajaj, na spea zake zinapatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Kwa hiyo mara nyingi anayeamua ekzosi ipi ifike Gatsata ni mfanyabiashara aliyeipakia kwenye gari siku kadhaa kabla, kuliko fundi anayeifunga. Akileta isiyofaa, hasara humwangukia motari kwanza, kisha humrudia yeye mwenyewe kwa njia ya mteja asiyerudi.

Kazi ya bomba si kutoa moshi tu

Wengi huamini kuwa ekzosi ni bomba la kupitishia moshi na kupunguza kelele, hivyo yoyote inayokaa kwenye injini inatosha. Sivyo. Injini ya mipigo minne husukuma moshi nje kwa vishindo, kishindo kimoja kila valvu inapofunguka. Kila kishindo kikienda kwa kasi ndani ya bomba, huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kufyonza moshi uliobaki ndani ya silinda, na nafasi hiyo hujazwa na hewa mpya yenye petroli. Upana na urefu wa shingo ya bomba hupangwa na kiwanda kulingana na ukubwa wa injini.

Chukua mfano wa Boxer 150, yenye injini ya sentimita za ujazo 144.8, na TVS HLX 125, yenye takriban 124.5. Shingo iliyopimwa kwa injini kubwa ikifungwa kwenye injini ndogo, moshi hupunguza kasi na mvuto ule hudhoofika. Injini haizimi, na kwenye barabara tambarare dereva anaweza asione tofauti. Lakini Kigali ni mji wa vilima. Motari anayepanda kutoka Nyabugogo kuelekea katikati ya mji akiwa na abiria na mzigo anahitaji nguvu ya injini katika mzunguko wa chini, na hiyo ndiyo inayopotea kwanza. Hulazimika kushusha gia na kufungua mafuta zaidi, na jioni anaona matumizi ya petroli yamepanda bila kujua sababu.

Bomba jembamba kuliko inavyotakiwa lina ubaya wa upande wa pili. Moshi hukwama, injini hupata joto, na pikipiki hukosa pumzi inapotakiwa kwenda kasi.

Kutoka pwani hadi mita 1,500

Lipo jambo jingine ambalo mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kulisahau. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyowekwa sawa pwani, ikifika Kigali, hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia.

Sailensa iliyo wazi zaidi hufanya kinyume: hurahisisha njia ya moshi, hewa ikaingia kwa wingi, na petroli ya jeti ileile ikawa haitoshi. Mchanganyiko huo huongeza joto la injini na, ukiachwa muda mrefu, huharibu valvu na pistoni. Mambo haya mawili yanaweza kupunguzana, au moja likalizidi jingine, na hakuna anayeweza kujua akiwa Kariakoo.

Dawa ni kusoma plagi pikipiki ikiwa Kigali. Baada ya kufunga ekzosi ya modeli nyingine na kuiendesha kwa mzigo, fundi huifungua plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni dalili njema. Weupe unaonyesha hewa imezidi, na huenda jeti kubwa zaidi ikahitajika. Masizi meusi yanaonyesha petroli imezidi. Milio ya kupasuka dereva anapoachia mafuta huashiria aidha hewa kuzidi au kiungo kinachovuja.

Mfanyabiashara anayeuza ekzosi pamoja na jeti mbili tatu za ukubwa tofauti anamsaidia fundi kumaliza kazi palepale.

Boliti mbili zenye thamani kuliko bomba

Kasoro nyingine huonekana wakati wa kufunga. Pikipiki nyingi za aina hii hushika ekzosi kwa boliti mbili kwenye kichwa cha injini, kisha kwa kishikizo kwenye fremu. Nafasi kati ya boliti hizo, upana wa mdomo wa bomba na mahali pa kishikizo vinaweza kutofautiana kati ya modeli na modeli, hata kama kwa macho zinafanana.

Kishawishi kikubwa ni kulivuta bomba kwa nguvu hadi tundu la kishikizo likutane na la fremu. Bomba lililofungwa kwa kuvutwa hukaa kwenye mkazo muda wote. Kwa mtikisiko wa barabara na joto, hupasuka kwenye welding au hukata boliti ndani ya kichwa cha injini. Kichwa hicho ni cha alumini, na kutoa boliti iliyokatika humo bila kuharibu uzi kunaweza kugharimu kuliko ekzosi yenyewe.

Fundi mwangalifu huning'iniza bomba kwanza bila kukaza kitu. Huweka gasketi mpya, kwa sababu ya zamani imekwisha kubanwa na haizibi tena. Hukaza boliti mbili za injini kwa zamu, kidogo kidogo, kisha ndipo hutazama kishikizo. Kisipokutana na fremu, hutengeneza kipande cha chuma cha kuunganisha na kukichomelea. Mwisho huangalia kama pedali ya breki inashuka bila kugusa bomba, na kama kinga ya joto inafunika sehemu iliyo karibu na mguu wa abiria. Bomba lililokaa tofauti na lile la awali linaweza kumuunguza abiria mahali ambapo zamani hapakuwa na hatari.

Kwa pikipiki mpya zenye mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta, tahadhari ni kubwa zaidi. Baadhi zina kihisi kilichofungwa kwenye bomba, na nyingine zina kichujio cha kusafisha moshi ndani yake. Ekzosi isiyo na tundu la kihisi au isiyo na kichujio si mbadala wake, hata kama boliti zinaingia.

Mpakani

Wafanyabiashara wadogo wamezoea Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowawezesha kuvusha shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha uasili. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa za nchi wanachama zilizomo kwenye orodha. Ekzosi iliyotengenezwa India haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Dar es Salaam au Kampala. Inatakiwa itangazwe forodhani Rusumo, Gatuna au Kagitumba na kulipiwa inavyostahili. Anayepiga hesabu ya faida bila ushuru huo hujikuta bei yake Gatsata haishindi ya muagizaji mkubwa. Risiti ya ununuzi itunzwe, maana bila hiyo ni vigumu kutetea thamani ya mzigo.

Soko linapungua, halijafungwa

Tangu Januari 2025, Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya kubeba abiria jijini Kigali. Zinazosajiliwa ni za umeme, ambazo kampuni ya Ampersand ilianza kuzitumia kibiashara jijini humo mwaka 2019. Zipo pia karakana zinazogeuza pikipiki za petroli kuwa za umeme, na huko ekzosi huvuliwa moja kwa moja.

Zile za petroli zilizokwisha kusajiliwa bado zinafanya kazi. Kwa kuwa motari hawezi kuibadilisha ya zamani kwa mpya ya aina hiyo, analazimika kuitunza muda mrefu zaidi, na ndiyo maana pikipiki zenye fremu ya kampuni moja na viungo vya kampuni nyingine hazishangazi. Wakati huohuo, mamlaka ya mazingira ya Rwanda, REMA, ilianzisha mwaka 2025 upimaji wa moshi unaohusisha pia pikipiki. Ekzosi inayovuja au injini inayotoa masizi sasa inaweza kumzuia motari kufaulu kipimo.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba kujaza stoo kwa ekzosi mia za modeli moja ni hatari, na kuleta zisizo na vipimo ni hatari zaidi. Picha ya simu haitoshi. Kabla ya kununua, aombe kwa fundi wa Gatsata modeli na ukubwa wa injini, nafasi kati ya boliti mbili kwa milimita, upana wa ndani wa mdomo, urefu kutoka mdomo hadi kishikizo, na kama kuna kihisi au kichujio. Fundi akichora mdomo wa bomba kwenye kipande cha kadibodi na kumkabidhi dereva wa basi la Kampala au Dar es Salaam, mfanyabiashara anaweza kukijaribu dukani kabla hajatoa pesa.