HOMA ISIYOKWISHA: ANGALIA MAZIWA NA ZIZI LAKO

Ng'ombe wa maziwa ni mali. Kuku ni mali. Maziwa humjenga mtoto, na mayai humpa nguvu mama mjamzito. Ndiyo maana kila siku tunahimizana kufuga. Lakini mifugo isipotunzwa vizuri huweza kuleta ugonjwa nyumbani. Leo tuzungumze juu ya ugonjwa unaotoka zizini na kuingia jikoni. Nitaanza na jambo lililonifundisha mimi mwenyewe.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, alikuja mama mmoja mwenye homa. Nilimpima malaria. Hakuwa nayo. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu, akaenda zake. Baada ya wiki mbili akarudi. Homa ilikuwa imepungua, kisha ikapanda tena. Usiku alitoka jasho mpaka shuka ikalowa. Nikampima tena malaria, hana. Nikampa dawa ileile.

Mara ya tatu alikuja akitembea kwa fimbo. Kiuno kilimuuma na magoti yalimuuma. Alikuwa amekonda. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningeliuliza tangu siku ya kwanza.

"Mama, nyumbani mnafuga?"

"Tunafuga, mwanangu. Tuna ng'ombe wawili na kuku."

"Ng'ombe hao ni wazima?"

"Mmoja alitupa mimba kabla ya mavuno. Kondo la nyuma lilikataa kutoka. Nikalivuta mwenyewe, kwa mikono hii."

"Na maziwa mnachemsha?"

Akacheka kidogo. "Maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa, mwanangu. Sisi tunakunywa yakiwa ya moto kutoka kwenye kiwele."

Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali. Damu yake ilipopimwa alionekana ana ugonjwa wa brusela. Mume wake naye alikuwa nao. Nyumbani alikuwapo pia mkwe wao, mjamzito wa miezi minne, aliyekunywa maziwa yaleyale. Naye tulimpeleka akapimwa.

Ndugu msomaji, mama yule aliumwa miezi mingi kwa sababu mimi sikuuliza. Nawe usisubiri kuulizwa. Ukiwa na homa na unafuga, mwambie mganga wako, "Mimi ni mfugaji."

UGONJWA HUU NI NINI?

Brusela huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hukaa katika miili ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa ng'ombe, wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe hutupa mimba kubwa, mara nyingi ya miezi mitano au zaidi. Pengine kondo la nyuma hukwama. Baadaye ng'ombe huyo anaweza kupata mimba nyingine na kuzaa vizuri, akaonekana mzima kabisa. Lakini vijidudu bado vimo mwilini mwake, na hutoka katika maziwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alivigundua vijidudu hivi katika kisiwa cha Malta. Askari wengi waliokaa pale walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Lakini hawakujua inatoka wapi. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa maziwa. Mbuzi walionekana wazima, wananona, wanakamuliwa. Kumbe walikuwa na vijidudu. Mwaka 1906 askari walikatazwa kunywa maziwa ya mbuzi, na homa ile ikapungua sana miongoni mwao. Kwa hiyo usimwamini mnyama kwa kumtazama tu.

HUINGIAJE MWILINI?

Huingia kwa njia hizi:

1. Kunywa maziwa mabichi, au kula mtindi, siagi na jibini vilivyotengenezwa kwa maziwa mabichi.
2. Kushika kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa, kondo la nyuma, au damu na maji ya uzazi ya mnyama. Mkono wenye mchubuko ni mlango wazi.
3. Kuchinja na kuchuna mnyama mgonjwa bila kujikinga.

DALILI ZAKE KWA MTU

Dalili huanza baada ya wiki moja mpaka wiki nne, na pengine baada ya miezi. Mgonjwa hupata homa inayopanda na kushuka. Hutoka jasho usiku. Kichwa, kiuno na viungo humuuma. Huchoka, hukosa hamu ya kula na hukonda. Mwanamume anaweza kuvimba korodani. Mama mjamzito anaweza kuharibikiwa na mimba.

Dalili hizi hufanana na za malaria. Ndiyo maana watu wengi hununua dawa za malaria dukani, wakameza, wasipone. Pesa inakwisha na ugonjwa unabaki. Nenda ukapimwe.

Ugonjwa huu unatibika. Lakini dawa zake humezwa kwa muda mrefu, wiki sita au zaidi, na huwa za aina mbili au zaidi. Mume wa yule mama alimeza wiki mbili. Akaona amepata nafuu, akaacha. Baada ya mwezi alirudi amelala juu ya mkokoteni, hawezi kuinuka. Ikabidi aanze upya. Mke wake alimaliza vidonge vyote, na leo analima. Tena usigawane vidonge na mwenzako. Dawa za mjamzito na za mtoto mdogo si zile za mtu mzima mwingine. Mkwe wao alipewa dawa zinazomfaa, akajifungua salama.

MAZIWA YACHEMSHWE

Kinga kubwa ni moto. Fanya hivi:

Kamua kwa usafi. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kiwele kwa maji safi, ukaushe kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza yakamulie katika kikombe, uyatazame. Ukiona mabonge, damu au majimaji, kiwele ni kigonjwa. Mwite bwana mifugo. Ng'ombe mwenye kiwele kigonjwa akamuliwe mwisho, na maziwa yake yasichanganywe na mengine.

Chuja maziwa kwa kitambaa safi. Yaweke motoni, ukiyakoroga, mpaka yachemke na kupanda. Yaache yaendelee kuchemka kwa dakika chache. Yafunike. Usiyarudishe katika ndoo uliyokamulia kabla hujaiosha. Ukifanya hivyo umerudisha vijidudu ulivyoviua.

Wapenda mtindi msihuzunike. Chemsha maziwa kwanza. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia kijiko cha mtindi wa jana, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Funika mpaka kesho. Kugandisha tu hakutoshi kuua vijidudu hivi.

Watu husema, "Babu zetu walikunywa mabichi, wakaishi miaka mingi." Ni kweli wako walioishi. Lakini wako pia walioumwa viuno mpaka kufa, na wako akina bibi walioharibikiwa na mimba, na hakuna aliyejua sababu. Wengine husema maziwa yakichemka nguvu yake hupotea. Si kweli. Vile vinavyomjenga mtoto mwili na mifupa vinabaki.

NG'OMBE AKITUPA MIMBA

Usishike chochote kwa mikono mitupu. Vaa glavu ndefu. Usipokuwa nazo, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka na uifunge mkononi kwa kamba. Funika pua na mdomo. Watoto na wajawazito wakae mbali.

Kondo likikwama usilivute. Mwite bwana mifugo.

Mimba iliyotupwa na kondo usiwape mbwa. Chimba shimo lisilopungua mita moja, uzike, na ukiwa na chokaa uimwage juu. Au choma kabisa. Majani yaliyolowa damu nayo yachomwe. Kisha nawa kwa maji mengi na sabuni, na fua nguo ulizovaa.

Mtenge ng'ombe huyo na wenzake. Bwana mifugo atachukua damu ikapimwe, kwa maana yako magonjwa mengine pia yanayotupisha mimba.

Sasa tuseme ukweli juu ya jambo gumu. Mzee yule, aliposikia ng'ombe ni mgonjwa, alitaka kumpeleka mnadani. Nilimwelewa. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa ada ya shule na chumvi ya nyumba. Lakini nilimwuliza, "Mzee, atakayemnunua atampeleka wapi?" Akanyamaza. Atampeleka kwa watoto wake, naye atawakamulia. Kumuuzia mwenzio ng'ombe huyo ni kumuuzia homa. Tiba ya ng'ombe mwenyewe haipo ya kutegemewa. Njia iliyo sawa ni kumchinja mahali panapokaguliwa na mkaguzi wa nyama, na wachinjaji waambiwe wajikinge. Mzee alifanya hivyo. Alipata pesa pungufu, lakini hakumwumiza mtu. Ng'ombe wake wa pili alipimwa akaonekana salama, na ndiye anayewapa maziwa leo.

Ipo chanjo. Hupewa ndama majike wangali wadogo, kabla hawajapandwa. Muulize bwana mifugo wa kata yako. Na ununuapo ng'ombe mpya, mpime kwanza kabla hujamwingiza zizini. Pia usikubali dume la kuzunguka kila zizi bila kujua afya yake.

DAWA ZA NG'OMBE SI CHAKULA CHA MTOTO

Ng'ombe akichomwa sindano, dawa hutoka katika maziwa kwa siku kadhaa. Muulize bwana mifugo ni siku ngapi, au soma kwenye chupa. Sasa unajua kusoma, basi soma! Siku hizo maziwa yasinywewe wala yasiuzwe. Kuchemsha hakuondoi dawa. Andika tarehe ya sindano ukutani au katika daftari, usisahau.

NA KUKU JE?

Nyumba nyingi kuku hulala ndani na watu. Twaogopa wezi na vicheche. Lakini kinyesi cha kuku kina vijidudu vya kuharisha. Mtoto anayetambaa hukishika, kisha hutia mkono mdomoni. Mtoto akiharisha kila mara hakui, hata ukimpa uji mzuri.

Jenga banda dogo karibu na nyumba, liinuke kutoka chini, liwe na mlango wa kufunga. Hatua moja kwa hatua moja yatosha kuku wanne au watano wa kulala. Lifagie kila siku. Kinyesi kikae shimo la mboji mpaka kioze, ndipo kipelekwe shambani. Nawa mikono baada ya kushika kuku na mayai. Pika mayai na nyama mpaka viive.

Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku husinzia, huhema kwa shida, huharisha kijani, na pengine shingo hupinda. Huua karibu kuku wote wa mji. Hauna tiba. Majani, pilipili na majivu havitibu. Lakini una kinga nayo ni rahisi: chanjo ya matone. Tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na kifaranga, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi. Kwa hiyo majirani nunueni pamoja, mchanje siku moja. Izungushie chupa kitambaa kibichi, uiweke kivulini. Chanja kuku wazima tu, maana chanjo haimponyi kuku ambaye ameshaugua.

Kuku aliyekufa kwa ugonjwa usimle. Mzike au mchome.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, sisemi uache kufuga. Nasema fuga kwa akili. Mgonjwa anapokuja zahanati, pengine ugonjwa umekwisha kuingia. Lakini wewe, kwa sufuria yako, sabuni yako na jembe la kuchimbia shimo, unaweza kuuzuia usiingie. Kesho asubuhi ukikamua, anza na jambo moja tu: weka maziwa motoni kabla ya mtoto kuyanywa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kuleta ugonjwa?
2. Taja mambo manne ya kufanya ng'ombe akitupa mimba.
3. Mume wa yule mama alikosea nini katika kumeza dawa?
4. Katika kitongoji chenu, nani anaweza kukusanya fedha za chanjo ya kuku? Kubalianeni siku.