Noti ya La kutoka kwenye chipu ndogo

Redio ikiharibika, mara nyingi spika yake ingali nzima. Tunapenda kueleza hapa jinsi vijana wetu wanavyoweza kuiunganisha spika hiyo na bodi ndogo ya Arduino Uno, ili itoe noti ya La pale ambapo kwaya haina kinanda cha kuanzishia wimbo.

Sauti ni hewa inayotikisika. Ndani ya spika mna sumaku, na karibu nayo waya uliozungushwa na kugundishwa kwenye karatasi ngumu. Umeme ukipita, waya unasogea pamoja na karatasi; umeme ukikatika, karatasi inarudi mahali pake. Hivyo hewa inasukumwa na kuvutwa, nasi tunasikia.

Chipu iliyo kwenye bodi haijui kuimba. Kwenye mguu wake inajua mambo mawili tu: kutoa volti 5 au kutoa sifuri. Lakini hayo yanatosha. La ya kawaida ni mitikisiko 440 kwa sekunde. Kwa hiyo chipu inawasha na kuzima umeme mara 440 kila sekunde, nusu ya muda ukiwaka, nusu ukizimwa. Katika programu, amri tone(8, 440) inafanya kazi hiyo yote kwenye mguu namba 8. Tukiandika 880, tutasikia La ya juu zaidi. Sauti yake ni kavu, si tamu kama ya filimbi, lakini noti ni ile ile.

Hapa ndipo tunaomba uangalifu. Spika nyingi ndogo ni za ohmu 8. Tukigawanya volti 5 kwa 8, tunaona kwamba spika ingevuta miliampea 625, na mguu wa chipu haupaswi kupita 40. Anayeunganisha moja kwa moja anaweza kusikia sauti leo, na kesho akakuta mguu umeungua. Basi tuweke rezista ya ohmu 220 kati ya mguu na spika, na waya wa pili wa spika uende kwenye GND. Sasa umeme ni miliampea 22 hivi, na chipu iko salama.

Sauti itakuwa ndogo, lakini tusiondoe rezista. Tuchukue sanduku la karatasi ngumu, tutoboe tundu, na kubandika spika hapo. Spika ikiwa wazi, hewa ya mbele na ya nyuma zinauana. Sanduku linazitenganisha, na sauti inaongezeka bila gharama.

Tuwafundishe vijana kuhesabu kwanza, ndipo waunganishe: volti kugawanya kwa ohmu. Hesabu hiyo fupi ndiyo inayookoa bodi ambayo kundi zima limechangia pesa kuinunua.