Maoni ya wateja kuhusu choma: yasome vizuri kabla hujalipa bili

Kila mtaa Kenya una mahali pake pa choma. Pengine ni vibanda vya Kenyatta Market pale Nairobi, ambapo moshi wa mbuzi na wasusi wa nywele wamekuwa majirani kwa miaka mingi. Pengine ni Burma, kando ya Jogoo Road. Kwa wasafiri wa barabara ya Nakuru, ni Kikopey karibu na Gilgil, ambapo gari likipunguza mwendo tu mnaanza kuitwa kutoka pande zote. Na kwa mgeni aliyetua juzi, mara nyingi ataambiwa aende Carnivore, kule Lang'ata, mkahawa ambao umekuwa ukichoma nyama tangu mwaka 1980.

Mahali kama hapa hapakosi maoni. Mmoja anasema ndiyo choma tamu kuliko zote nchini. Mwingine anaapa hatarudi. Wa tatu anasema nyama ilikuwa sawa, shida ilikuja wakati wa kulipa. Sisi kazi yetu ni malipo, na hapo kwa wa tatu ndipo tunapokaza macho. Ukisoma malalamiko ya wateja wa choma kwa makini, utagundua kwamba mengi hayahusu nyama hata kidogo. Yanahusu mzani, muda, bili, na simu. Hebu tuyapitie moja baada ya jingine, ujue lipi la kukuzuia kwenda na lipi unaweza kulitatua mwenyewe kabla hujaketi.

Kwanza, angalia maoni ni ya lini

Mahali pa zamani pana maoni ya zamani. Carnivore ni mfano mzuri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini kwa miaka mingi baadaye mashamba yenye kibali yaliruhusiwa kuvuna baadhi ya wanyama, na nyama ya punda milia na wengineo ikawa inapatikana mezani pale. Ruhusa hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaweka adhabu kali kwa biashara ya nyama pori. Siku hizi nyama zisizo za kawaida utakazosikia zikitajwa pale ni kama mamba na mbuni, ambao hufugwa.

Sasa mtu akisoma sifa za miaka 25 iliyopita, akaenda akitarajia punda milia, atatoka akilalamika kwamba amedanganywa. Hakuna aliyemdanganya. Alisoma maoni yaliyopitwa na wakati. Ni vivyo hivyo na bei. Maoni ya miaka mitano iliyopita yanayosema mahali fulani ni rahisi hayakusaidii kupanga bajeti ya Jumamosi hii. Bei ya mbuzi hubadilika na ukame na sikukuu, na makaa nayo yalipanda sana baada ya serikali kusimamisha ukataji miti mnamo Februari 2018.

Kwa hivyo, usiulize tu watu walisema nini. Uliza walisema lini. Kisha piga simu, uliza bei ya kilo leo.

Pili, jua mahali hapo wanauza kwa mtindo gani

Malalamiko mengi kuhusu bei hutokana na mteja kutojua anachonunua. Carnivore wana bei moja kwa mtu. Unaketi, weita wanazunguka na nyama kwenye mishikaki na sime za Kimaasai, na wanaendelea kukukatia mpaka uiangushe bendera ndogo iliyo katikati ya meza kuonyesha umeshindwa. Mtu anayekula vipande vitatu tu ataona bei iko juu. Mwenye njaa ya kweli ataona imejipa. Wote wawili wanasema ukweli.

Kwa vibanda vya Kenyatta Market au Kikopey mambo ni tofauti. Unasimama mbele ya buchari, unachagua kipande, mbavu au mguu, kinapimwa kikiwa kibichi, na bei ni ya kilo. Hapo ndipo lalamiko maarufu kuliko yote huzaliwa: mteja aliagiza kilo mbili, akaletewa kwenye ubao nyama inayoonekana kama kilo moja na kitu. Anahitimisha ameibiwa.

Huenda ameibiwa, na huenda hajaibiwa. Nyama ikikaa juu ya moto hupoteza maji na mafuta. Robo ya uzito, na wakati mwingine hata theluthi, inaweza kwenda na moshi, hasa kwa wanaopenda ikauke vizuri. Tena ulipimiwa pamoja na mifupa. Kwa hivyo kilo mbili mbichi kurudi kama kilo moja na nusu si ajabu. Njia ya kujilinda si kubishana nyama ikishaiva. Ni kusimama pale mzani ulipo, uone unaanza kwenye sufuri, usome namba kwa macho yako, kisha uombe iandikwe kwenye karatasi pamoja na bei. Ukiweza, kumbuka kipande chako kina alama gani, ndiyo kisibadilishwe jikoni.

Na kuhusu kuchelewa: mbuzi anayechomwa polepole anahitaji dakika 45 au saa nzima. Maoni yanayolalamika kwamba nyama ilichukua saa moja yanaweza kuwa ni sifa bila mwandishi kujua. Nyama iliyokuja kwa dakika 15 ndiyo ya kuuliza ilichomwa lini.

Tatu, malipo: hapa ndipo chapaa hupotea

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na hasa biashara zilipoanza kupokea malipo kwa namba ya Till, watu wengi huenda kula choma bila noti hata moja mfukoni. Ni vizuri. Lakini kuna mambo matatu ambayo wateja hulalamikia kila mara.

La kwanza ni kuambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi "na uongeze ya kutoa." Ukilipa kwa Till, kwa kawaida mteja hakatwi ada, mwenye biashara ndiye anayeibeba. Ukituma kwa namba ya mtu, ada ya kutuma ni yako, na ukiongeza ya kutoa umelipa mara mbili. Zaidi ya hapo, ukiwa na mzozo baadaye, rekodi yako inaonyesha ulimtumia mtu pesa, haionyeshi ulilipa hoteli. Vibanda vidogo vingine havina Till, na hilo si kosa. Lakini mahali penye Till ukutani, halafu weita anakunong'oneza namba nyingine, uliza kwa sauti: hii ni ya nani? Mara nyingi mwenye biashara mwenyewe angependa kusikia hilo swali.

La pili ni pesa kwenda kwa Till isiyo sahihi. Kibandiko kimechakaa, tarakimu moja imefutika, au mtu amebandika namba yake juu ya ile halali. Dawa ni moja: soma jina la biashara linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo, kisha muulize weita kama ndilo. Usiharakishwe. Pesa ikishaenda kwingine, piga simu huduma kwa wateja papo hapo. Kwa wanaotumia M-Pesa, ukimtumia mtu pesa kimakosa unapeleka ile meseji ya muamala kwa 456. Usingoje kesho, kwa sababu aliyepokea akishaitoa, kuirudisha huwa kibarua. Na kamwe usimpe mtu namba yako ya siri kwa ahadi ya kukurudishia pesa. Anayekuomba PIN ni mwizi, hata kama sauti yake ni ya kiofisi.

La tatu ni wateja kusema walizuiliwa mlangoni kama wezi ilhali walikuwa wamelipa. Hili tunaomba ulisikilize kwa utulivu, kwa sababu lina mtu mwingine ndani yake.

Usiku wa Jumamosi, meza 30, kelele. Mteja anainua simu, anaonyesha meseji ya malipo, anaondoka. Dakika kumi baadaye mwenye hoteli anakagua Till, pesa haipo. Ile meseji ilikuwa ya kughushi, au ilikuwa ya wiki iliyopita. Katika hoteli nyingi, bili hiyo humwangukia weita. Inakatwa kwenye mshahara wake. Elfu tatu kwako ni mlo wa marafiki, kwake inaweza kuwa siku kadhaa za kazi. Ndiyo maana weita aliyefunzwa vizuri hatazami simu yako. Anangoja uthibitisho ufike upande wa biashara. Mtandao ukiwa mzito, hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na hizo dakika huwa ndefu sana ukiwa umeshika funguo za gari.

Kwa hivyo ukisoma maoni kwamba mahali fulani weita "wanashuku watu," jiulize kama kilichotokea ni dharau au ni utaratibu. Ukiambiwa ngoja kidogo, keti. Toa msimbo wa muamala waulinganishe na rekodi yao. Kama ulilipa kweli, rekodi itakutetea. Nawe mwenye biashara unayesoma hapa, tafadhali: kumtoza weita hasara ya meseji bandia hakumkomeshi tapeli. Weka simu ya Till mahali weita wanaweza kuona malipo yakiingia, na umpe kila mmoja lugha ya adabu ya kumwomba mteja asubiri.

Nne, bili ya kundi

Choma hailiwi peke yako, na bili ya watu wengi imevunja urafiki mwingi. Tuchukue mfano. Mko wanane. Kilo nne kwa shilingi 1,000 ni 4,000. Ugali, kachumbari na soda ni 2,400. Jumla 6,400, kila mtu 800. Hesabu ni rahisi mpaka mmoja aseme hakunywa soda, wa pili awe ameondoka mapema, na wa tatu aseme atatuma kesho.

Mkubaliane kabla nyama haijawekwa motoni. Mmoja akusanye, kila mtu amtumie sehemu yake wakati choma bado iko jikoni, kisha yeye alipe Till mara moja. Hivyo mnakuwa na risiti moja, na weita hashughuliki na meseji nane. Pia soma bili mstari kwa mstari. Kwenye mikahawa mikubwa unaweza kukuta ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya huduma. Uliza mapema kama bei za menyu tayari zimejumuisha hayo yote.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika maoni

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa, kama mtumiaji wa bidhaa, haki ya kupata huduma za ubora unaofaa na habari unazohitaji ili ufaidike nazo. Kwa hivyo kulalamika si kiburi. Lakini maoni yenye msaada yana vitu ndani: ulienda siku gani, uliagiza nini, kilo ngapi kwa bei gani, ulingoja muda gani, ulilipa vipi, na ulipolalamika waliitikiaje. "Usiende huko, ni wezi" haimsaidii anayekuja baada yako. "Jumapili, kilo mbili, sikuonyeshwa mzani, nilipouliza walipima upya" inamsaidia sana, na inampa mwenye hoteli kitu cha kurekebisha.

Anza na meneja kabla ya kwenda hadharani. Mambo mengi ya malipo huisha kwa dakika tano msimbo wa muamala ukiwa mkononi. Ikibidi uonyeshe meseji kama ushahidi, ficha majina, namba za simu na salio. Usiweke picha ya weita akiwa amenuna. Ana jina, ana watu nyumbani, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Na tatizo likitatuliwa, rudi useme limetatuliwa. Mkahawa wa miaka 40 haukosi makosa. Kinachoufanya ukae ni jinsi unavyoyarekebisha, na wanaokuja kesho wana haki ya kujua hilo pia.

Weka hii kwenye simu yako kabla ya wikendi

Piga simu uulize bei ya leo. Simama karibu na mzani. Andika uzito na bei. Soma jina la Till kabla ya kuthibitisha malipo. Usilipe namba ya mtu bila kuuliza ni ya nani. Ngoja uthibitisho bila hasira. Tunza meseji ya muamala mpaka ufike nyumbani.

Halafu sasa ule. Chumvi iko pembeni ya ubao, kachumbari inakuja.