Lebo ya Gunia na Kesi ya Apple

Tangu serikali ya Kongo iifungulie Apple mashtaka, swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaojua kazi yangu ya elektroniki ni hili: je, simu yangu ina koltani ya Rubaya? Huwa najibu kwamba hakuna anayeweza kukuambia, hata aliyeitengeneza. Jibu hilo huwaudhi wengi, lakini ndipo kesi yote ilipo. Ukilielewa, utaelewa kwa nini mawakili wameshtaki kwa namna waliyochagua, na kwa nini naamini safari hii wamegonga ndipo.

Tuanze mezani. Ukiifungua iPhone na kubandua vifuniko vyembamba vya chuma vilivyofunika ubao wa saketi, utakuta vijipande vidogo kama punje za mchanga, mamia kwa mamia, vimepangwa kuzizunguka chipu. Vingi ni kapasita. Kazi yake ni kushika umeme kidogo na kuuachia mara moja chipu inapouhitaji, ili volteji isiyumbe. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa kauri. Pale panapotakiwa umeme mwingi katika nafasi finyu, hutumika tantali. Tantali husagwa ikawa unga, unga hushindiliwa na kuokwa hadi ukawa kitu kama sifongo ngumu, kisha kila kitundu cha sifongo hiyo huoteshwa utando wa oksidi mwembamba kupita kiasi. Kwa vile sifongo ina uso mpana mno ndani ya umbo dogo, kapasita isiyozidi punje ya mchele hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji kopo la ukubwa wa kidole gumba.

Tantali hupatikana kwenye koltani, jiwe jeusi ambalo ukilishika linakushangaza kwa uzito wake. Lina wenzake watatu. Kasiterite hutoa bati la kulehemia, tungsteni huwekwa ndani ya mota inayoifanya simu itetemeke, na dhahabu hupakwa kwenye viunganishi visishike kutu. Sheria za Marekani na Ulaya huyataja madini hayo manne pamoja, na kwa sababu moja: yote huchimbwa pia mashariki mwa Kongo, ambako kwa miaka mingi watu wenye bunduki wamekuwa wakiyatoza kodi.

Rubaya ni mji mdogo wa vilimani, katika eneo la Masisi, Kivu Kaskazini. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba machimbo yake hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Wachimbaji huingia mashimoni na tochi kichwani, nyundo na sururu mkononi. Udongo unaotolewa huoshwa kwa maji. Mwepesi huchukuliwa na maji, mzito hubaki. Kilichobaki hukaushwa, hutiwa guniani na kuteremshwa mlimani kwa mgongo wa mtu hadi kwa wachuuzi. Bei ya gunia hilo hupatanwa kwa Kiswahili, lugha hii hii ninayoandikia, na mara nyingi ndiyo sauti ya mwisho ya mchimbaji kusikika katika biashara yote inayofuata.

Baada ya hapo inakuja lebo. Mpango unaojulikana kwa jina la ITSCI ulianzishwa na viwanda vya bati na tantali ili mnunuzi wa mbali ajue gunia limetoka shimo gani. Wazo lake ni rahisi. Wakala wa serikali anapima gunia, anaandika kwenye daftari jina la machimbo, uzito na tarehe, kisha anafunga mdomo wa gunia kwa lebo ya plastiki yenye namba. Linapofika kwa mfanyabiashara mkubwa hutiwa lebo ya pili. Namba hizo ndizo zinazosafiri kwenye makaratasi hadi kiwanda cha kuyeyushia, na makaratasi ndiyo anayoyaona mtengenezaji wa simu.

Tazama udhaifu wake. Lebo imefungwa kwenye gunia, haikufungwa kwenye jiwe. Anayeshika lebo kabla gunia halijajaa ndiye anayeamua madini hayo yamezaliwa wapi. Shirika la Global Witness lilichapisha uchunguzi wake Aprili 2022 likieleza jinsi madini kutoka machimbo yasiyoidhinishwa, yakiwemo yenye wapiganaji na watoto, yalivyokuwa yakitiwa lebo kana kwamba yametoka machimbo safi. ITSCI wenyewe walikanusha. Lakini hata mtu asiyewaamini Global Witness anapaswa kukiri kwamba mpango mzima unategemea uaminifu wa wakala mmoja mwenye mshahara mdogo, aliyesimama kijijini ambako wenye bunduki wanamjua kwa jina.

Gunia likifika kiwandani, ushahidi unakwisha kabisa. Koltani ya Masisi huchanganywa na ya Rwanda, ya Brazili au ya Australia, husagwa, huyeyushwa kwa asidi kali na kusafishwa hadi ikabaki tantali tupu. Atomu ya tantali haina pasipoti. Wanajiolojia wa taasisi ya BGR ya Ujerumani wamebuni njia ya kupima chembe za koltani maabara na kutambua zimetoka eneo gani, kwa kulinganisha mchanganyiko wa madini yaliyomo na umri wake. Ni kazi nzuri sana, ila inawezekana tu jiwe likiwa bado jiwe. Mlango wa kiwanda ukishafungwa, njia hiyo nayo imefungwa. Ndiyo maana simwambii mtu kwamba simu yake ina koltani ya Rubaya, wala simwambii kwamba haina.

Sheria ilijaribu kuliziba pengo hilo. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, ambayo Kivu nzima wanaiita sheria ya Obama. Kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zichunguze madini yao manne na kutoa taarifa kila mwaka. Miezi michache baadaye Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, na wanunuzi wengi wa nje wakaona afadhali kuikwepa Kongo yote. Maelfu ya familia zilizokuwa zikila kwa nyundo zikakosa ada na dawa. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi, watu wa mbali wanapotaka mikono safi, gharama humwangukia aliye ndani ya shimo.

Kisha likaja la 2024. Mwishoni mwa Aprili waasi wa M23 waliiteka Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwishoni mwa mwaka huo, waliandika kwamba waasi hao walikuwa wakikusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani, na kwamba angalau tani 150 zilivushwa kwa magendo hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Rwanda inakanusha kuwaunga mkono waasi.

Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo wakawasilisha malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji, dhidi ya kampuni tanzu za Apple za nchi hizo mbili. Orodha ya makosa ni nzito: kuficha uhalifu wa kivita, kusafisha madini haramu, kupokea mali ya wizi, na kudanganya wateja. Apple ilikataa tuhuma zote. Ilisema kwamba mapigano yalipozidi mwaka huo iliwaambia wauzaji wake kwamba viwanda vyao vya kuyeyusha na kusafisha viache kununua madini hayo manne kutoka Kongo na Rwanda, na kwamba sehemu kubwa ya madini yaliyomo kwenye bidhaa zake yametoka kwenye vifaa vilivyorejelezwa. Kabla ya hapo, katika taarifa yake ya kisheria kuhusu mwaka 2023, ilikuwa imeandika kwamba haikuona sababu ya msingi ya kuhitimisha kuwa kiwanda chochote katika mnyororo wake kilinufaisha makundi yenye silaha.

Mwanzoni mwa 2025 Ubelgiji iliteua jaji wa uchunguzi. Waendesha mashtaka wa Paris, kwa upande wao, waliliweka faili lao kando. Wengi waliona kesi imekufa. Mimi sikuona hivyo, na sababu yangu ni kesi nyingine iliyotangulia, ya kobalti.

Kobalti iko kwenye betri, na nyingi hutoka upande wa kusini, Kolwezi na kwingineko Lualaba, ambako pia Kiswahili huzungumzwa. Desemba 2019 familia za watoto waliofariki au kulemaa machimboni ziliishtaki Apple mjini Washington, pamoja na Google, Dell, Microsoft na Tesla. Walitaka kampuni hizo ziwajibike kwa ajira ya kulazimishwa. Machi 2024 mahakama ya rufaa iliwakatalia, majaji wote watatu. Hoja yao kwa ufupi ilikuwa kwamba kununua bidhaa kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji hakukufanyi mshiriki wa biashara ya yule anayemtesa mtoto shimoni.

Soma hoja hiyo tena. Inamlinda mnunuzi kwa sababu ya urefu wa mnyororo. Kadiri wachuuzi wa katikati wanavyokuwa wengi, ndivyo mnunuzi anavyokuwa salama. Kwangu mimi hilo ni kosa, maana mnyororo huo hakuuleta Mungu. Umejengwa na watu, na mwenye nguvu ya kuufupisha ni yule anayelipa mwishoni.

Lakini mawakili wamejifunza. Katika malalamiko ya Kongo, kosa la kudanganya wateja halihitaji mtu athibitishe kwamba jiwe fulani liliingia kwenye simu fulani. Linahitaji athibitishe kwamba maneno yaliyochapishwa na kampuni hayana msingi wa kutosha. Novemba 2025 shirika la IRAdvocates, ambalo ndilo lililokuwa nyuma ya kesi ya kobalti, lilirudi Washington na kesi mpya dhidi ya Apple likitumia sheria ya kumlinda mlaji. Limetaja viwanda vya Kichina ambavyo, kwa madai yake, viliyeyusha koltani iliyopita kwa magendo. Apple imekana na hii pia.

Naona mwelekeo huo ni sahihi. Kampuni inayouza simu na ahadi pamoja inapaswa kuithibitisha ahadi kama inavyothibitisha betri. Ikiniambia betri ina uwezo fulani, naweza kuipima mezani kwangu. Ikiniambia hakuna mpiganaji aliyenufaika, inanitegemeza kwenye lebo ya plastiki ambayo nimekwisha kueleza inavyofungwa. Haitoshi kusema "hatukuona sababu". Anayetafuta kwa kusoma makaratasi peke yake ataona kile kilichoandikwa kwenye makaratasi. Na agizo la kuacha kununua Kongo na Rwanda, hata kama limetekelezwa kikamilifu, haliwezi kusafisha miaka iliyopita, na linaweza kumrudisha mchimbaji halali kwenye njaa ile ya 2010.

Kuna jambo ambalo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaweza kulifanya bila kusubiri jaji wa Brussels. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Madini ya ukanda huu huteremka kwa malori hadi bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na hapo hupimwa tena, kwa mzani wa serikali zetu. Kwa utaratibu wa Mkutano wa Kimataifa wa Ukanda wa Maziwa Makuu, kila shehena inapaswa kuwa na cheti cha asili. Uzito huo na namba hizo za vyeti, pamoja na jina la msafirishaji na la kiwanda kinachopokea, vikichapishwa kila mwezi, mtu yeyote ataweza kulinganisha tani zilizotoka na tani ambazo machimbo yaliyoandikwa kwenye cheti yana uwezo wa kutoa. Tofauti ikiwa kubwa, itaonekana mapema, jiwe likiwa bado jiwe.

Bunge la Afrika Mashariki hukaa Arusha, na nchi yako ina wabunge tisa mle ndani. Mwandikie mmoja wao, umuulize kwa nini takwimu hizo hazichapishwi.