MKANDAA, UKUTA WA BONDE LA MPUNGA



Huenda mmoja wetu akauliza: sisi wakulima wa karafuu tuna nini na miti ya tope la pwani? Jibu lake ni fupi. Karafuu ni fedha, lakini haipikwi ikaliwa. Kila mkulima anajua kuwa mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka huu huelemea, na mwaka wa pili hupati hata za kuanikia jamvi moja. Mwaka kama huo, nyumba nyingi za Pemba huponea bonde la mpunga lililoko chini ya mashamba yetu. Maji ya chumvi yakiingia bondeni, mpunga hufa, na pengine mvua za msimu mmoja hazitoshi kuiosha ardhi. Watu wa Kisiwa Panza, huko Mkoani, wameyaona hayo kwa macho yao, na wao wenyewe wameshika kazi ya kupanda mikoko.

Katika jamii ya mikoko, mkandaa ni miongoni mwa iliyo karibu na bonde. Mkoko wenyewe husimama mbele penye maji mengi. Mkandaa hukaa nyuma yake, mahali panapofikiwa na bamvua tu. Mara nyingi ni kichaka au mti mdogo. Mchu hutoa chumvi kwa majani yake, hata ukiliramba jani utaionja. Ama mkandaa huizuia chumvi kule kule mizizini. Mizizi hiyo hushika tope, na vigogo vyake vilivyosongamana huvunja nguvu ya mawimbi. Hatusemi kwamba mkandaa huzuia bahari isipande. Tunasema kwamba tuta la bonde lililo nyuma ya mikandaa hudumu, na lililo wazi hubomoka.

Faida zake nyingine wazee wetu walizijua zamani. Gome lake hutoa rangi nyekundu ya kahawia, iliyotumika kutia nyavu na matanga yasioze upesi, na kutengenezea ngozi. Miti yake huuzwa kwa unene wake: fito, pau, mazio na boriti. Majahazi yaliichukua miti ya mikoko hadi Arabuni na Ghuba, na vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni vyembamba, kiasi cha mita 3, kwa kuwa ndio urefu wa boriti. Juu ya hayo, ni kuni nzuri, na matanuri ya chokaa huzitaka sana.

Hapo ndipo penye khatari. Mchu ukikatwa huchipua; kisiki cha mkandaa kilichokatwa chini kwa kawaida hufa. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote nao hufa. Fauka ya hayo, mkandaa hukua polepole mno. Anayekata leo mzigo mmoja wa kuni huenda akawa ameondoa kazi ya miaka mingi, na hasara humfikia jirani mwenye bonde.

Basi anayetaka kupanda na afuate haya:

1. Mbegu ya mkandaa huota ingali juu ya mti, ikaning'inia mfano wa kalamu ndefu yenye mifuo. Chukua iliyokomaa, ambayo shingo yake imegeuka manjano, au iliyoanguka yenyewe. Iliyotobolewa na wadudu itupe.

2. Iweke kivulini chini ya gunia bichi, na uipande katika siku chache.

3. Panda bamvua linapoanza kupungua. Tope huwa bado bichi, na mbegu hupata siku kadhaa za kushika kabla ya maji makubwa kurudi.

4. Ichomeke wima, ncha iliyochongoka chini, kiasi cha thuluthi ya urefu wake. Kikofia cha juu usikivue kwa nguvu.

5. Acha kiasi cha mita 1 baina ya mche na mche. Kaa watakula baadhi, kwa hiyo rudi baadaye uzibe mapengo.

6. Panda palipokuwa na mikandaa zamani. Usipande kwenye mchanga mtupu wala penye majani ya bahari, na usizibe mkondo wa maji. Mkandaa usiofikiwa na bamvua nao hudhoofika.

Ama kwa kutumia, kukata mikoko bila ya kibali ni kosa, na sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ipo. Lakini hata mwenye kibali tunamwomba auache ukanda ulio jirani na bonde, aiache miti yenye mbegu, na achukue iliyopinda na iliyosongamana. Kwa kuni na miti ya kujengea, na tupande mivinje juu ya nchi kavu. Mvinje hukua upesi na hustahimili upepo wa bahari.

Kila mmoja wetu mwenye shamba mlimani ana ndugu au jirani mwenye bonde, na wengine wetu tunavyo vyote viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kujenga pwani haumo katika uwezo wetu. Mbegu za mkandaa zaanguka bure. Yatupasa tuziokote.

Wassalaam,
Katibu